Gesti Ndiyo Ngamia wa Mtembeaji

Mtu akiingia Diff kwa miguu, mkoba mgongoni, aseme amechukua likizo ili atembee wiki nzima, ataulizwa gari lake limeharibikia wapi. Akishikilia kwamba hana gari na hakuna kilichoharibika, atatafutiwa kivuli, ataletewa chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha watu wawili, kisha wazee waanze kuulizana kwa sauti ya chini kama ndugu zake wanajua alipo. Katika mji huu wa Wajir Kusini, uliobanana na mpaka wa Somalia, kutembea siku nyingi ni kazi. Mtu hutembea kwa sababu malisho yamekauka, ngamia amepotea, au vita vimemfukuza kwake. Kutembea kwa raha, tena kwa kulipia kitanda kila jioni, ni mambo ya watu wengine.

Hata hivyo, jaribu kupanga likizo ya namna hiyo, popote duniani, uone ni nani atakayekufaa. Muuza mahema wa Nairobi atakuuzia mkoba wenye mikanda ambayo hutajua kazi yake. Mchunga ngamia wa Diff atakuuliza mambo matatu: maji ya kwanza yako wapi, utalala kwa nani, na ni nani aliyepita njia hiyo juzi. Miongozo ya matembezi marefu, ile yenye picha za buti na soksi za sufu, huyafikia maswali hayo pia, lakini baada ya kurasa nyingi za vifaa. Mchungaji huanzia hapo.

Tuanze na maji, maana hesabu yake haina huruma. Anayetembea kutwa katika joto la nyuzi 35, ambalo Garissa na Wajir ni la kawaida, anahitaji lita sita hadi nane kwa siku. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Siku moja kati ya kisima na kisima ni kilo saba mgongoni. Siku tatu ni kilo 21, kabla hujaweka unga, shuka wala shati la kubadilisha. Mtu wa kawaida huifurahia safari mzigo wake ukiwa kilo kumi hivi, ukizidi hapo anaanza kutazama chini badala ya kutazama mbele. Ndiyo kusema, bila mnyama wa kubeba, matembezi ya raha hayawezi kuwa na zaidi ya siku moja kati ya maji na maji.

Ngamia huifuta hesabu hiyo. Hubeba kilo 150 na zaidi, na mwenyewe huweza kukaa wiki nzima bila kunywa. Mfugaji wa Kisomali anapohama hupakia nyumba yake yote, miti na mikeka ya aqal, vyombo vya maziwa na watoto wadogo, juu ya wanyama wachache. Anayekwenda likizo hana ngamia, lakini palipo na gesti kila jioni, gesti ndiyo inayofanya kazi ya ngamia. Imekubebea kitanda, chakula na maji, ikatangulia kukungojea. Mgongoni unabaki na maji ya siku moja, nguo, dawa na tende. Siri yote ya likizo za miguu zinazosifiwa Ulaya imo humo, na si katika ubora wa buti.

Chukua Camino de Santiago ya Uhispania. Tawi lake linalojulikana zaidi, lianzialo Saint-Jean-Pied-de-Port huko Ufaransa, lina karibu kilomita 780. Mwaka 2023 zaidi ya watu 440,000 walipewa cheti cha kufika, ingawa sharti kwa mwenda miguu ni kukamilisha kilomita 100 za mwisho tu. Hao si mashujaa. Wengi ni wastaafu, wanafunzi na watu waliochoshwa na ofisi. Wanachotegemea ni mabweni ya mahujaji yaliyopangana njiani, kiasi kwamba aliyechoka saa sita mchana hulala kijiji hiki, na aliyebaki na nguvu husogea hadi kinachofuata.

Waislamu wa huku hawahitaji kwenda Uhispania kuupata mfano huo. Njia ya mahujaji kutoka Kufa nchini Iraki hadi Makka, yenye urefu unaopita kilomita 1,000, ilichimbiwa visima na mabwawa ya kukinga maji ya mvua, ikajengewa vituo vya kupumzikia. Imebaki na jina la Zubayda, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, aliyetoa mali yake kuiboresha zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Jangwa lilikuwa lilelile kabla yake na baada yake. Kilichobadilika ni kwamba msafiri alijua maji ya kesho yako wapi.

Swali la tatu la mchungaji, nani aliyepita juzi, ndilo wageni hulidharau. Wasomali wana desturi ya sahan: kabla ya kuhama, watu wawili au watatu hutangulia kukagua nyasi, maji, magonjwa ya mifugo na majirani, ndipo familia ifungue mikeka. Habari ya mwezi jana haitoshi. Mwaka 1892 Mmarekani William Astor Chanler alitoka Lamu na msafara mkubwa, akapanda kufuata mto Tana, kisha akashuka na Ewaso Ng'iro kwa sababu alikuwa amesikia habari za ziwa kubwa liitwalo Lorian. Walipofika, ziwa halikuwapo. Walikuta kinamasi, kilekile kinachopanuka na kunywea kwa mvua katika eneo la Habaswein ya leo. Mwaka uliofuata sehemu kubwa ya wapagazi wake walimtoroka. Ningekuwa mpagazi, nami ningefikiria sana kama mtu aliyenipeleka ziwani nikakuta matope anafaa kufuatwa tena.

Leo sahan yako ni simu. Ramani ya simuni itakuonyesha mstari wa bluu na jina la mto, isikwambie kwamba mto huo ni laga, yaani mchanga mtupu kwa miezi mingi na mafuriko kwa siku chache. Mpigie mwenye gesti, mwulize kama bomba linatoa maji wiki hii. Mpigie dereva wa basi linalopita huko. Kama gesti haipokei simu kwa siku mbili, ihesabu kuwa imefungwa, upange upya.

Kuhusu umbali, wageni huanza na kilomita na hapo ndipo mipango mingi huharibikia. Ukimwuliza mchungaji, "Adeer, hapa hadi kisima kile kuna kilomita ngapi?" atakujibu kwa usiku: mmoja, au miwili kama wanyama wamedhoofu. Ni jibu bora kuliko la kilomita, kwa sababu tayari limehesabu mchanga, joto na uchovu. Wapanda milima wa Uskoti walijaribu kuifikia hekima hiyo kwa tarakimu. Mwaka uleule wa 1892, William Naismith alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa nyingine kwa kila mita 600 unazopanda. Kwenye mchanga wa kusini mwa Wajir hakuna cha kupanda, lakini mguu unazama. Ongeza saa zako kwa nusu nzima. Kwa anayeanza, saa tano au sita za mwendo halisi kwa siku zinatosha, na siku ya kwanza ziwe chache kuliko zote. Misafara ya wapagazi iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, ya watu waliozoea, haikuwa ikikimbizana. Kituo cha siku kilipangwa kwa maji na chakula, na kirangozi aliyetangulia mbele ndiye aliyeweka mwendo wa wote.

Saa za kutembea zinajulikana na kila anayeishi huku: baada ya alfajiri hadi saa nne, labda saa tano kukiwa na mawingu, kisha kivuli hadi alasiri. Kwa kuwa tuko jirani na ikweta, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, na halina machweo marefu ya kukungoja. Anayesema atatembea mchana kutwa kwa kuwa yeye ni kijana ataupata ushahidi kichwani, tena mapema.

Msimu nao una majina yake. Jilaal, kuanzia Januari hadi Machi, ni ukame mkali. Gu huleta mvua za Aprili hadi Juni, hagaa hufuata kwa upepo na ubaridi kidogo, na deyr ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Mgeni atadhani mvua ni neema kwa mtembeaji. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, maji ya mvua na ya Tana yaliikata barabara ya Nairobi kwenda Garissa pale Madogo, wasafiri wakavushwa kwa mashua, na mara hiyo ya pili mashua ikazama na watu wakafa. Hagaa ndio msimu wa kutembea, kama wa kutembea upo.

Kuna chombo kimoja cha safari ambacho sijakiona katika orodha yoyote ya vifaa. Makka na mji wa Wajir viko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, vyote viwili jirani na longitudo ya nyuzi 40. Kwa hiyo kibla ya Wajir, Diff, Habaswein na Garissa ni kaskazini, karibu kabisa. Kila msikiti uliojengwa vizuri ni dira. Betri ikiisha, mihrabu haiishi. Tena msafiri ana ruhusa zake: anayekwenda umbali ambao mafakihi wengi huukadiria kuwa kama kilomita 80 hufupisha sala na anaweza kuzikusanya, jambo linalompa mtembeaji Mwislamu asubuhi ndefu isiyokatika. Mradi usipange safari ndani ya Ramadhani ukaja kuilaumu njia.

Sasa kitanda. Barabara kuu ya kwetu, itokayo Isiolo kupitia Kulamawe, Modogashe na Habaswein hadi Wajir na kuendelea Elwak na Mandera, inawekwa lami sehemu kwa sehemu chini ya mradi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Miji yake ina lojing: ukuta wa mawe, ua wa mchanga, kitanda cha chuma, chandarua, ndoo ya kuogea, na msikiti hatua chache tu. Asubuhi kuna anjera na chai, na penye bahati nyirinyiri au maziwa ya ngamia yaliyochachuka. Kwa dereva wa lori hiyo ni huduma nzuri. Tatizo la mtembeaji ni nafasi kati ya mji na mji. Kutoka Habaswein hadi Wajir ni zaidi ya kilomita 100, yaani siku tano za mwendo wa kistaarabu, na katikati hakuna mfululizo wa gesti unaoweza kuupanga kwa simu. Kuna vijiji, na kuna ukarimu, ambao Wasomali huuita martisoor na kuuona wajibu. Ila ukarimu haufai kuwa msingi wa likizo. Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walijua mipaka yake. Na wakati wa jilaal, maziwa unayopewa ndiyo aliyokuwa anywe mtoto. Anayekwenda kwa raha alipe. Gesti humpa mgeni heshima ya kulipa.

Nafasi hizo zilizo wazi hazikuletwa na jangwa peke yake. Kutembea kwa hiari ni jambo ambalo eneo hili lilinyimwa kwa sheria. Wakoloni waliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa, na Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 iliwapa maofisa uwezo wa kuamua nani aingie, nani atoke na jamii ipi ichungie wapi. Mwaka 1925 Jubaland ilikuwa tayari imekabidhiwa kwa Italia, na mpaka ukapigwa kwa rula kandokando ya longitudo ya nyuzi 41, ukakata malisho ya watu wa Diff kama kitambaa. Huko Wajir, maofisa hao walijianzishia kilabu cha mashua mamia ya kilomita kutoka baharini, na mzaha huo unasimuliwa hadi leo. Waliotawaliwa hawakuwa na nafasi ya mizaha. Desemba 1963, wiki mbili hivi baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari. Vita vya shifta, vya waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia, vikaendelea hadi 1967, na wafugaji wakasukumwa kwenye vijiji vya kulindwa. Sheria hizo za hali ya hatari zilifutwa mwaka 1991 tu.

Mwaka huohuo wa 1991 kambi za wakimbizi za Dadaab zilianza kujengwa, na watu wakaja kwa miguu kutoka Somalia. Wakaja tena mwaka 2011, wakati wa njaa, makumi ya maelfu, wengine baada ya wiki nzima na zaidi njiani, wakiwa wamezika watoto kando ya njia. Ukiwa Liboi au Diff ukataja neno matembezi, hiyo ndiyo picha inayowajia watu wa rika fulani. Mwandishi wa safari za starehe asiyelijua hilo akae kwanza asikilize.

Na leo? Nisizunguke: Diff si mahali pa kwenda likizo ya miguu kwa sasa, na anayekushawishi vinginevyo hakutakii mema. Tangu jeshi la Kenya livuke mpaka Oktoba 2011, ukanda huu umeishi na mashambulizi ya al-Shabaab, mabomu ya barabarani na utekaji nyara. Mwezi huohuo wafanyakazi wawili wa Kihispania wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walitekwa Dadaab. Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa karibu na Mandera. Aprili 2015 watu 148 walikufa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Serikali ya Uingereza huwatahadharisha raia wake wasiukaribie mpaka wa Somalia kwa kilomita 60, na Diff imo ndani kabisa ya ukanda huo. Lakini mzigo mkubwa umebebwa na wenyeji: mwalimu anayesubiri msafara wa polisi ili arudi kazini, mgonjwa anayeahirisha safari ya hospitali. Kwao swali la nani aliyepita njia hiyo juzi si la likizo.

Kwa hiyo mtu wa Diff, au wa Garissa, mwenye kiu ya kutembea kutoka kitanda hadi kitanda aende wapi? Jibu langu halibadiliki: Usambara Magharibi, mkoa wa Tanga, Tanzania. Hapo ndipo ninapojua, karibu nasi, penye njia ya siku tatu hadi tano inayopita vijijini, milimani na msituni, na kila jioni ina dari. Isitoshe ni ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Hakuna haja ya kupaza sauti kwa Kiingereza ili uelekezwe choo.

Kutoka Garissa, basi la Mombasa hufuata Tana kwa Hola na Garsen hadi Malindi. Kutoka Mombasa ni Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, Muheza, Korogwe na Mombo. Mombo kuna joto la kutosha kukufanya ujisikie nyumbani. Kisha gari linapinda kushoto kwa kulia, likipita Soni, kilomita zipatazo 33 hadi Lushoto, na unajikuta mita 1,400 juu ya bahari, hewa imebadilika, watu wamevaa masweta. Wajerumani waliokimbia joto la pwani walipaita Wilhelmstal.

Karatasi kabla ya mkoba. Unahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria ya Afrika Mashariki, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano mkononi. Msingi wa yote ni kitambulisho cha taifa, na Mkenya wa Diff anajua kilivyokuwa kigumu kupatikana. Kwa miongo mingi vijana wa kaunti za mpakani walihojiwa na kamati za wazee na maofisa kuthibitisha Ukenya wao, jambo ambalo kijana wa Nyeri hakulijua. Februari 2025, Rais William Ruto akiwa ziarani Kaskazini Mashariki alitangaza kufuta mahojiano hayo. Hata hivyo anza kushughulikia hati miezi kadhaa kabla, na uibebe asilia. Nakala kwenye simu haikuvushi kizuizini.

Njia yenyewe hupangwa hivi. Siku ya kufika, pumzika Lushoto, halafu jioni nenda Irente, mwendo wa saa moja na kitu, ukaitazame nyika ya Wamasai ikiwa chini ya miguu yako kama umesimama juu ya paa. Karibu na hapo kuna shamba la Walutheri linalouza jibini, jemu na mkate. Nunua vya njiani. Asubuhi inayofuata unaingia msitu wa hifadhi ya Magamba, unaopanda kupita mita 2,000, wenye mbega weusi kwa weupe na ukungu usiojua saa. Kiingilio hulipwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Watu wengi hulala Lukozi. Siku ya pili ni mashamba ya kabichi, viazi na njegere yaliyoning'inia kwenye miteremko, hadi Rangwi, ambako masista wa Kikatoliki hupokea wageni katika nyumba yao. Siku ya tatu ni Sunga na hatimaye Mtae, kijiji kilichokalia ukingo wa mlima, na chini yake nyika ya Mkomazi. Mwenye siku ya ziada husogea Mambo, si mbali na hapo.

Msomaji wangu wa Garissa atauliza kuhusu kulala kwa masista. Wasambaa wengi ni Waislamu, misikiti iko kila kijiji, na nyama huchinjwa kama unavyotaka. Nyumba ya masista ni safi, ina chakula cha moto, na lango hufungwa mapema. Sema mapema usichokula. Zaidi ya hapo hakuna mjadala. Kwa wanawake wanaosafiri wawili au watatu, mimi ningeichagua kabla ya gesti yoyote ya stendi. Penginepo waulize mambo manne kwa simu kabla ya kuweka nafasi: mlango una komeo la ndani, kuna baa chini ya chumba, maji ya kuoga yanachemshwa, na chakula cha jioni kinaagizwa saa ngapi. La mwisho ni muhimu kuliko linavyosikika. Gesti nyingi za vijijini hazipiki mpaka ziagizwe, na anayefika saa moja usiku bila taarifa hulala na biskuti.

Ukubali kuchukua mwenye kuongoza, hata kama unaiamini simu yako. Lushoto kuna vyama vya waongozaji, kikiwemo Friends of Usambara Society kinachojulikana siku nyingi. Njia za Usambara ni za watu wanaokwenda mashambani, zinagawanyika kila baada ya nyumba mbili, na hakuna kibao. Kaa naye chini siku moja kabla, mkubaliane bei, kilichomo na kisichomo: kiingilio cha msitu, kitanda chake, chakula chake, nauli ya kurudi. Beba pesa taslimu ukitoka Lushoto. Huko mbele usiitegemee benki.

Kinachomwangusha mtu wa nyika huku si umbali, ni baridi na mteremko. Juni na Julai usiku wa Magamba ni wa sweta mbili. Macawis, kikoi chetu, peke yake itakuaibisha. Kushuka nako kunauma magoti kuliko kupanda, kata fimbo. Akala za matairi, ambazo nyumbani hazina mpinzani, huteleza kwenye udongo mwekundu uliolowa. Vaa viatu vyenye meno ulivyovitembelea mwezi mzima kabla, na ukihisi joto mahali pamoja mguuni, simama hapohapo, bandika plasta. Ukisubiri kituo kinachofuata utakuwa tayari na lengelenge. Masika, Machi hadi Mei, usiende kabisa.

Kurudi ni kwa basi kutoka Mtae, na basi hilo huondoka alfajiri kweli, kabla ya jogoo kuamua. Weka nafasi jioni ya kuingia.

Nikiangalia njia hiyo huwa najiuliza Kaskazini Mashariki ingehitaji nini siku amani ikikaa. Misitu na ukungu hatuna. Tunao twiga wa Bour-Algi nje kidogo ya mji wa Garissa, wanaokaribiana na watu bila woga. Tunayo hifadhi ya jamii ya Ishaqbini huko Ijara, ambako mwaka 2012 ilizungushiwa uzio sehemu ya kuwalinda hirola, swala ambao ulimwengu mzima wamebaki mamia tu. Hata sasa, mtu akifanya mji wa Garissa kuwa kituo na kutoka asubuhi kwa mipango na wahifadhi wa huko, atapata matembezi mafupi mazuri, akirudi kulala kitanda kilekile.

Lakini matembezi ya siku nyingi huku hayatafuata mtindo wa gesti kwa gesti, kwa sababu ya ile hesabu ya maji. Laikipia na Samburu, kando ya Ewaso Ng'iro uleule unaokuja kuishia Lorian, wageni hutembea wiki nzima huku ngamia wakibeba mahema na mapipa ya maji. Wanaoongoza ni vijana wa huko, na wengi wa ngamia hao ni wa asili ya Kisomali. Wajir, yenye ngamia wengi namna hii na wajuzi wa ngamia wa namna hii, inauza maziwa na nyama, haijauza mwendo. Kuanzia, kaunti haihitaji hoteli. Inahitaji matanki ya maji yanayofanya kazi kwenye vituo vinavyojulikana, kibanda cha kivuli, na mtu wa kupokea simu. Vituo vyenyewe vimekwisha kuchaguliwa na wafugaji siku nyingi.

Na kirangozi alipwe sawasawa. Bei ipangwe kwa siku, si kwa kilomita, nayo ihesabu siku za kurudi kwake nyumbani na ngamia wasio na mzigo. Mgeni akishapanda basi pale mwisho wa njia, mwenzake bado ana usiku wake wa kutembea.